Sukari kuganda: maana yake na namna ya kuizuia

Sukari iliyoganda ni ile ambayo punje zake zimeshikana zikawa bonge. Haijaoza. Bakteria na kuvu huhitaji maji ili wazaliane, na sukari kavu haina maji ya kuwapa. Tena huwafyonza hata yale yaliyo ndani ya miili yao. Kwa hiyo ukiikuta ngumu kama jiwe, usiharakishe kuitupa.

Kisa chote ni unyevu unaoingia na kutoka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, hasa unapokaribia asilimia 85, uso wa kila punje huyeyuka kidogo na kuwa utando wa shira. Hewa ikikauka, maji huondoka, shira inarudi kuwa sukari, na inaporudi huziunganisha punje zilizokuwa zikigusana. Kopo lililo wazi karibu na sufuria inayofuka mvuke hupitia hali hiyo kila siku. Kijiko chenye maji nacho kinatosha kuanzisha mabonge. Friji haisaidii: kopo lililotoka kwenye baridi hufanya matone likifunguliwa penye joto.

Sukari ya unga huganda upesi zaidi kwa sababu punje zake ni ndogo mno, ndiyo maana viwandani huchanganywa na wanga kidogo.

Sukari laini ya kahawia ndiyo inayowachanganya wengi, maana mambo yake ni kinyume. Punje zake zimepakwa molasi, yaani shira nzito nyeusi ya miwa, na hubaki laini maadamu molasi hiyo ina unyevu. Ikikauka, sukari inakuwa ngumu. Ukiianika juani unaimalizia kabisa! Dawa yake ni kuirudishia unyevu: iweke chomboni pamoja na kipande cha mkate, ufunike, uiache hadi kesho yake. Sukari nyeupe usiifanyie hivyo. Hiyo ni ya kupondwa tu.

Ajabu ni kwamba zote mbili zinataka chombo kilekile, cha kioo au plastiki ngumu, chenye kifuniko kinachobana. Pakiti ya karatasi hupitisha unyevu, na harufu pia. Sukari iliyokaa jirani na sabuni au vitunguu huipeleka harufu hiyo hadi kwenye chai.

Ya kutupa ni iliyoingiwa na wadudu, au iliyolowa ikaanza kunuka uchachu. Hapo maji yameshakuwa mengi kiasi cha chachu kuishi.