Kabla ya kuvaa mkanda, pima umbali wa kufika chini

Mafundi wengi ninaokutana nao kwenye saiti za Mwanza wanaamini kwamba ukishavaa mkanda wa usalama na kunasa ndoano mahali, umeshamaliza. Wenye nyumba nao wanaamini hivyo, maana mkanda unaonekana hata na mtu aliyesimama barabarani. Mimi ni afisa usalama wa ujenzi, na hili ndilo ninalobishana na watu kuliko yote. Kwa nyumba nyingi tunazojenga huku, mkanda unaotumika kwa namna hiyo haumwokoi mtu. Anafika chini kabla haujamshika.

Tupige hesabu. Kamba ya kawaida ya mkanda ina urefu wa mita 2. Kwenye kamba hiyo kuna kifuko kilichoshonwa, kazi yake kupunguza mshtuko: mtu akianguka, mishono inaachia kidogo kidogo na utepe uliokunjwa ndani unafunguka. Bila kifuko hicho mwili unasimamishwa ghafla, na hapo ndipo uti wa mgongo unapoumia. Lakini kikifunguka chote kinaongeza hadi mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni mpaka kwenye nyayo ni kama mita 1.5. Weka mita 1 ya akiba ili miguu isiguse zege. Jumla mita 6.25, kuhesabia pale ndoano iliponaswa kwenda chini.

Sasa chukua nyumba ya kawaida ya Buswelu au Kishiri. Ukuta ni mita 3, fundi yuko juu ya kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, anapiga bati, ndoano ameinasa kwenye papi, ule ubao wa kupigilia bati, karibu na miguu yake. Anahitaji mita 6 na kitu, naye ana mita 3. Safari ya mita 3 inachukua chini ya sekunde moja, na mtu anagonga ardhi akiwa na kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Ndoano ingekuwa juu ya kichwa chake hesabu ingepungua, ila bado isingetosha, na kwenye paa linaloezekwa hakuna kitu juu ya kichwa cha kunasia.

Halafu hiyo papi yenyewe. Mara nyingi ni mbao ya inchi 2 kwa 2 iliyopigwa msumari mmoja kwenye kila kenchi. Fundi mmoja kijana aliniuliza, kwa nia njema kabisa, "Kaka, papi hii inabeba bati zote hizi, itashindwaje kunibeba mimi?" Nilimwonyesha msumari. Bati zimelala, uzito wake umegawanyika na unasukuma chini taratibu. Mtu anayeanguka anavuta sehemu moja kwa ghafla, na hata kifuko kikifanya kazi yake vizuri, mvuto unaweza kufika karibu na uzito wa kilo 600. Msumari ule unang'oka, papi inamfuata. Kama lazima unase, zungushia utepe imara kwenye boriti au nguzo ya zege iliyokwisha kukomaa, sehemu ambayo ungekubali kuning'iniza gari dogo bila wasiwasi.

Kwa nyumba fupi napendelea njia mbili. Ya kwanza ni kamba fupi, uifunge kwa kipimo ambacho hakikuruhusu kabisa kufika ukingoni. Hapo hakuna kuanguka, kwa hiyo hakuna hesabu ya mita 6. Ya pili, ambayo ningeiweka kwenye kila saiti kama ingekuwa mamlaka yangu, ni jukwaa linalozunguka nyumba, lenye mbao za kuzuia usawa wa kiuno, nyingine katikati, na ubao wa chini unaozuia nyundo na misumari isimwangukie saidia fundi. Jukwaa linawalinda wote waliopo juu yake, hata yule aliyesahau, hata yule aliyeanza kazi leo asubuhi.

Ila jukwaa la Mwanza lina tabu yake, nayo ni mawe. Kule Mabatini, Igogo, Isamilo, nyumba zimepanda mlimani. Upande wa mlangoni unasimama mita 3 kutoka chini, ukizunguka nyuma unakuta mita 7 au 8, na chini kuna jiwe tupu. Mirunda inasimamishwa juu ya jiwe lenye mteremko, na ili ilingane wanachomeka tofali chini ya mguu mmoja. Tofali linapasuka. Mvua ikinyesha jiwe linateleza na mguu wa mrunda unahama bila mtu kuona, mpaka jukwaa lote liiname. Nikifika saiti ya namna hii naanzia chini, sipandi kwanza. Naangalia kama jiwe limechongwa kishimo cha kukaa mguu, au kama kuna kitako cha zege. Naangalia kama kuna mirunda ya mshazari, maana ya wima na ya ulalo peke yake inakunjika kama kiti kibovu. Naangalia limefungwa ukutani mara ngapi. Na mbao za kukanyagia: ikizidi sana nje ya mhimili wake, ukikanyaga ncha inapinduka nawe.

Ngazi ni ya kazi za muda mfupi. Kwa kila mita 4 kwenda juu, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani, na ipite sehemu unayoshukia kwa kama mita 1 ili upate pa kushika. Kwenye mteremko usiitegemeze kwa jiwe.

Upepo wa ziwani huongezeka mchana, na bati pana mikononi mwa mtu aliye ukingoni linamvuta. Anzeni kuezeka alfajiri, mmalize bati ndefu mapema. Na kabla ya kuinua bati au mrunda angalieni nyaya za umeme. Mlimani paa la nyumba ya chini na waya wa nyumba ya juu mara nyingine viko usawa mmoja.

Kwenye maghala na viwanda vya samaki hatari iko katikati ya paa. Ni zile bati za plastiki za kupitisha mwanga. Zikizeeka kwa jua zinakuwa kama ganda la yai, na vumbi likizifunika huwezi kuzitofautisha na bati za chuma. Hazikanyagwi, hata ukiwa mwepesi. Wekeni mbao ndefu zinazokaa juu ya mihimili, na ziwekeeni kizuizi.

Mtu aliyeshikwa na mkanda akabaki ananing'inia naye bado yuko hatarini. Mikanda ya mapajani inabana, damu inakwama miguuni, na ndani ya dakika chache anaweza kuzimia. Kwa hiyo swali langu la asubuhi ni: akining'inia hapa, nani anamshusha na kwa kifaa gani? Jibu la "tutapiga simu" silikubali. Na mkanda uliomshika mtu mara moja hautumiki tena, hata ukionekana mzima.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kulinda wafanyakazi wake, na inasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipwa na mwajiri. Haukatwi kwenye ujira wa kibarua. Lakini kwenye nyumba za watu binafsi, mambo yanaamuliwa siku ya makadirio. Mwenye nyumba anaona mirunda, mbao na siku mbili za kusimamisha jukwaa, anasema, "Hapo punguza, fundi." Mafundi, andikeni jukwaa kwenye mstari wake peke yake, na bei yake, mbali na bati na misumari. Akitaka kulifuta, alifute kwa kalamu yake mbele yenu, nanyi muwe na haki ya kutopanda.