Kabla ya tui, kamua

Mwaka wangu wa kwanza wa kupikia shughuli hapa Kigoma nilipewa harusi ya Ujiji, watu kama mia mbili. Wali, migebuka ya kukaanga, na mchicha wa nazi pembeni. Wali ulitoka. Samaki walitoka. Mchicha ulifika mezani ukiwa umelala chini ya maji ya kijani, na mafuta ya nazi yanaelea juu vidoa vidoa. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akaja mpaka jikoni na sahani yake mkononi. "Mwanangu, hii mboga umeiunga au umeizamisha?" Nikampa shikamoo yake, basi, la kuongeza sikuwa nalo.

Nazi zilikuwa nzuri na tui nilikamua mwenyewe. Kosa lilikuwa kwenye maji, na wala si maji niliyotia. Ni yale ambayo sikuyatoa.

Mchicha mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake. Majani yakipata moto yanalegea na kuanza kuyamwaga, na hayaishi kuyamwaga mpaka yameiva. Ukitia tui katikati ya shughuli hiyo, unayaunga maji. Majani yenyewe yanabaki chukuchuku, yamezungukwa na supu. Ndiyo maana mtu anaongeza nazi ya pili, ya tatu, mboga bado nyepesi, halafu anamlaumu muuza nazi.

Kwa hiyo mimi naosha majani yakiwa mazima, nakata, natupia kwenye sufuria pana juu ya moto mkali bila kuongeza maji. Yale yaliyoshika kwenye majani baada ya kuosha yanatosha. Mchicha dakika mbili au tatu, matembele kama tano. Sifuniki: majani yana asidi yake kidogo ambayo hutoka na mvuke, ukiifungia humo ndani inageuza kijani kuwa rangi ya kaki. Wapo wanaotia magadi ili rangi ibaki. Rangi itabaki kweli, ila majani yatateleza kama mlenda na vitamini kadhaa zitakuwa zimekwenda. Sitii.

Kisha chungio. Yakipoa kidogo nakamua kwa mkono, tonge kwa tonge, mpaka likae kiganjani bila kudondosha. Mara ya kwanza utaumia roho, maana mafungu manne ya sokoni Mwanga yanabaki bakuli moja. Hayo maji ya matembele nayaweka, nitayahitaji. Ya mchicha na spinachi, yale yanayoacha meno kama yamekwaruzwa, namwaga.

Sasa ndiyo kuunga. Huku kwetu kando ya ziwa nazi ni ya kununua kwa kuhesabu, karanga ndiyo ya kila siku, na karanga ndiyo inayowashinda wengi. Karanga iliyosagwa karibu nusu yake ni mafuta. Ukiitupa kavu kwenye sufuria inayochemka inajikunja madonge, na madonge hayo hayafunguki hata uyapige mwiko hadi kesho. Chukua bakuli pembeni, weka vijiko vinne vikubwa vya karanga, mimina yale maji ya matembele yakiwa vuguvugu, kidogo kidogo huku unakoroga. Mwanzoni itakaza ghafla, utadhani umeharibu. Usiache. Ongeza maji kidogo tena, itaachia yenyewe na kuwa nyeupe kama uji. (Kabla ya kusaga, chambua. Karanga yenye ukungu au iliyosinyaa tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haitoki kwa kukaanga.)

Kaanga kitunguu kwenye mafuta; nikiwa na mawese masafi natumia mawese, kijiko kimoja tu, mboga inapata rangi na harufu ya nyumbani. Mimina karanga, shusha moto, na mwiko upite chini ya sufuria muda wote kwa sababu karanga inaungua kimyakimya. Dakika za mwanzo inanuka ubichi, kama maharage mabichi. Majani yasubiri. Ikikaribia dakika ya kumi mapovu yanakuwa mazito, yanapasuka puu, puu, na pembeni ya sufuria utaona tone la mafuta limejitenga. Hapo ndipo imeiva. Tia majani, chumvi, geuza, dakika tatu, epua.

Kumbuka lile tone la mafuta, maana kwenye nazi ni habari mbaya. Karanga ikitoa mafuta imeiva. Tui likitoa mafuta limekatika. Tui jepesi linaweza kuchemka na kitunguu mpaka lipungue, lakini tui zito, lile watu wa pwani wanaloliita kasimile, linaingia mwisho kabisa juu ya majani yaliyokamuliwa, moto mdogo, unakoroga upande mmoja mpaka lianze kutokota tu. Likitokota, toa. Harusini Ujiji nililichemsha kama chai.

Na maziwa? Hili niliulizwa na mgeni kwenye nyumba moja ya wageni niliyowahi kupikia. Kwao Marekani wanakula spinachi ya krimu pembeni ya nyama ya kuchoma, akataka nimtengenezee. Nilikuta siri yao ni ileile: wanachemsha, wanakamua, ndipo wanaunga. Sosi yao ni vijiko vikubwa viwili vya siagi na viwili vya unga wa ngano, vinakaangwa dakika mbili bila kubadilika rangi, kisha kikombe kimoja cha maziwa kinaingia taratibu mpaka sosi ishike mwiko. Kungumanga ya kukwaruza kidogo juu. Unga ndio unaozuia maziwa yasikatike, lakini ukitia nyanya au ndimu bado unajitafutia balaa. Nimeijaribu kwa matembele badala ya spinachi na, kwa ulimi wangu, matembele yanashinda, hasa sahani ikiwa na mgebuka wa kukausha uliochomwa.

Kisamvu, au sombe kama wanavyoita majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, kiko nje ya sheria hii. Kimetwangwa, kwa hiyo kinakunywa maji badala ya kuyamwaga, na ukikikamua unabaki na makapi. Kisamvu kinataka kutwangwa laini na chemsho refu, saa moja au zaidi, sufuria wazi, kwa sababu muhogo una sumu ya sianidi ambayo kutwanga kunaifungua na mvuke unaiondoa. Blenda inasaga, sikatai, ila inakata majani na kuacha nyuzi ambazo mchi ungezilaza. Harufu ya majani mabichi ikishaisha, ndipo mawese na karanga.

Bado kuna maji mamoja yanayonisumbua kwenye shughuli. Mboga imeungwa vizuri saa nne asubuhi, inafunikwa, inasubiri wageni hadi saa nane. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unarudi chini matone matone, na juu ya mboga kunatokea kidimbwi. Siku hizi natandaza kitambaa safi cha pamba mdomoni mwa sufuria kisha nafunika juu yake, pembe zake nazikunja juu ya mfuniko zisifike kwenye moto. Saa nane nikifunua, kitambaa kimeloa chepechepe na nakikamulia nje.