Ruzuku ya barabara na mchango wa wenyeji

Ruzuku ya barabara ni fedha ambazo serikali hutoa ili njia ya eneo fulani itengenezwe, bila kudai kurudishiwa. Haina riba wala rehani. Inachotaka ni hesabu, shilingi zimekwenda wapi na kazi iko wapi. Mara nyingine huja na sharti kwamba wenyeji nao watie sehemu yao. Sehemu hiyo ndiyo mchango wa wenyeji, na hapo ndipo mikutano mingi ya vijijini huku Malindi inapochemka.

Mchango si lazima uwe pesa. Mkulima wa Langobaya au Jilore anaweza kusogeza ua nyuma ili greda lipite, akatoa mawe, au akachimba mtaro bila malipo. Mwembe unaozaa ukikatwa kupisha njia, huo nao ni mchango, tena naona ni mkubwa kuliko noti za harambee, maana mche utakaopandwa badala yake utakaa miaka kabla ya kuzaa. Basi na uandikwe: nani katoa ardhi ya upana gani, miti mingapi, siku ngapi za kazi, na vyote vithaminiwe kwa shilingi kabla greda halijafika. Bila maandishi itaonekana serikali imefanya yote peke yake, na wenyeji watakosa nguvu ya kusema karavati liwekwe pale bondeni ambapo maji hukata njia kila masika, magunia ya mahindi na maembe yakakwama shambani.

Kibarua cha kulipwa si mchango. Mpango wa barabara za mashambani ulioanza Kenya mwaka 1974 uliwatumia wanavijiji kwa majembe na sururu, lakini walilipwa ujira.

Ushuru wa mafuta nao ni jambo jingine. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli hutozwa shilingi 25 za kutunza barabara, kwa hivyo kijana wa bodaboda anayebeba maembe kwenda sokoni ameshalipa kabla ya kuombwa chochote. Ana haki ya kuuliza njia yake ni ya nani. Katiba ya 2010 iliziweka barabara za kaunti mikononi mwa kaunti, kwetu Kilifi. Nyingine za mashambani husimamiwa na KeRRA, shirika la serikali kuu. Swali hilo liulizwe barazani, na jibu liingie kwenye kumbukumbu za kikao, kabla ya ua wa kwanza kung'olewa.