Kwa nini unachoka hoi hata siku ambayo hukubeba mzigo?

Aliyeshinda akichanganya zege ana haki ya kuchoka. Lakini wewe uliyeshinda kitini, dukani au ofisini, mbona ukifika nyumbani hata kuvua viatu ni kazi?

Wengi husema ubongo nao unakula sana. Hilo ni kweli nusu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mwili ukiwa umetulia, ubongo peke yake hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Ila matumizi hayo hayapandi sana unapofikiri kwa bidii: kati ya kukokotoa hesabu ngumu na kukodolea dari, tofauti ni ndogo. Ndiyo maana soda ya saa 10 jioni hukuchangamsha kidogo kisha hukuacha palepale. Sukari haikuwa imeisha kichwani.

Mwaka 2022 watafiti wa Paris, akiwemo Antonius Wiehler na Mathias Pessiglione, waliwafanyisha watu kazi za akili kwa zaidi ya saa 6, kundi moja kazi ngumu na jingine nyepesi. Walipopima kemikali za ubongo bila kupasua mtu, waliofanya kazi ngumu walikutwa na mrundikano wa kemikali iitwayo glutameti kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga, kupima na kuzuia tamaa. Na walipopewa nafasi ya kuchagua, waliegemea zaidi malipo ya harakaharaka yasiyodai jasho. Saa 2 usiku malipo ya namna hiyo huwa mkononi mwako tayari: video fupi zisizo na mwisho kwenye simu. Ndiyo sababu pia suala la mkopo, la kuacha kazi au la kusemana na mwenzako lisubiri asubuhi.

Halafu kuna kazi ambayo bosi haioni: mawazo. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Mkulima yuleyule alipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mkavu, kisha baada ya mavuno akiwa ameshalipwa. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi. Wataalamu bado wanabishania ukubwa wa athari hiyo, lakini aliyewahi kupiga hesabu ya kodi ya nyumba huku mteja anamsemesha anajua inavyokuwa. Deni hukaa kichwani kama mpangaji asiyelipa.

Pesa huwezi kuiandika ikatokea, lakini mawazo unaweza kuyashusha. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwachukua vijana 57 na kuwapa dakika 5 za kuandika kabla ya kulala. Walioandika mambo yanayowasubiri walipata usingizi kama dakika 9 mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya, na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndivyo alivyowahi kulala.

Undani wenyewe ndio wengi wanaukosea. Ukiandika "ada ya mtoto" umeandika donda, na utaliwaza usiku kucha. Andika hivi: "Jumatano saa 4 asubuhi, kumpigia mhasibu wa shule, kuomba kulipa kwa awamu 2, kuanza na 60,000." Sasa jambo lina siku, saa, mtu na kiasi. Tumia daftari na kalamu. Ukiandikia kwenye simu, ujumbe mmoja wa kikundi cha harusi utakula nusu saa. Na usijaze mambo 20 ya kesho. 3 yanatosha, mengine yape siku zake.

Tuje kwenye ari. Watu huiita dopamini kemikali ya raha, lakini majaribio ya mtafiti John Salamone kwa panya yanaonyesha jambo la kuvutia zaidi. Panya aliyepunguziwa dopamini bado anakula vizuri chakula kikiwa karibu. Anachokataa ni kupanda kizuizi ili akafikie chakula kingi. Anaridhika na kidogo kisicho na kikwazo. Hamu ya kula anayo, utayari wa kugharamika ndio umepungua. Binadamu aliyechoka anafanana naye, kwa hiyo badala ya kujihubiria asubuhi, punguza urefu wa kizuizi tangu jana yake. Viatu vya mazoezi viwe mlangoni. Daftari la mauzo liwe mezani limefunguliwa ukurasa wa leo, kalamu juu yake.

Kisha funga kazi mpya kwenye jambo ambalo hulikosi, mbinu ambayo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliichunguza kwa miaka mingi: "Nikimaliza kuosha vyombo vya usiku, nitaandika mauzo ya leo tu." Neno "tu" lisidharauliwe. Ukisema utapanga hesabu za mwezi mzima, utaahirisha. Kusubiri hamu ije kwanza ni kosa la mpangilio: tangu miaka ya 1970, tiba mojawapo ya sonona humtaka mgonjwa apange shughuli na kuzifanya bila kuingoja hamu, kwa kuwa mara nyingi hamu hufuata nyuma ya kitendo.

Hata hivyo, hakuna mbinu ya kushinda mwili uliopungukiwa. Chunguza chai yako. Kikombe cha chai ya majani huwa na kafeini ya miligramu 30 hadi 50, kahawa karibu mara mbili yake. Kafeini huziba milango ambayo adenosini, kemikali inayorundikana ukiwa macho, huitumia kuuambia ubongo kwamba umechoka. Uchovu haujaondoka, umezibwa mdomo. Na kwa watu wengi nusu ya kafeini huisha baada ya saa 5 hivi: chai ya saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu yake bado iko kazini. Usingizi wa kati ya saa 7 na saa 10 mchana nao ni wa kawaida, hata kwa asiyekula mlo mzito. Ukipata mahali, lala dakika 15 hadi 20 kwa kengele. Ukipitiliza nusu saa unaingia usingizi mzito, unaamka mzito zaidi.

Chai ina hila nyingine. Ukinywa pamoja na maharage au mchicha, hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungefyonza kutoka kwenye mboga hizo. Acha saa nzima ipite baada ya kula ndipo uinywe, na kwenye chakula kamulia ndimu, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Upungufu wa damu huchosha polepole hadi mtu anauzoea. Mwanamke asiye mjamzito akipimwa wingi wa damu, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Mwanamume, chini ya 13. Usikimbilie kununua vidonge vya chuma kabla ya kipimo, kwani chanzo chaweza kuwa minyoo, malaria au hedhi nzito, na vidonge havitibu hayo.

Uchovu ukiambatana na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, kapime sukari. Ukija na kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku na kukonda, kapime kifua kikuu. Na ikiwa ni wiki 2 mfululizo hakuna kinachokufurahisha, usingizi umevurugika na unajiona huna thamani, mweleze daktari hayo yote matatu kwa pamoja. Ukimwambia "nimechoka" tu, huenda ukarudi na vitamini.