Nimesoma, lakini naona kama sijui kitu: msongo kabla ya mtihani na namna ya kuupunguza

Wiki mbili kabla ya mitihani, watu huanza kupanga foleni nje ya mlango wa kitengo chetu cha ushauri nasaha. Mmoja hapati usingizi, mwingine tumbo linamsokota kila asubuhi, mwingine amesoma ukurasa uleule mara nne na hakuna kilichobaki kichwani. Wengi wao huanza kwa maneno yaleyale: "Nimesoma, lakini naona kama sijui kitu."

Maneno hayo nimeyasikia kiasi kwamba siku hizi siyajibu kwa kutia moyo. Humwomba mwanafunzi afunge daftari. Nakumbuka binti mmoja aliyekuja na daftari lililopakwa rangi tatu: njano kwa maana, kijani kwa mifano, waridi kwa tarehe. Lilikuwa linapendeza kweli. Nikamwambia alifunge, achague mada anayoiweza, anieleze kama vile mimi ndiye mwanafunzi. Sentensi ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ikakwama katikati, akacheka kwa aibu, na mkono ukaanza kulifuata daftari wenyewe. Nikamzuia. Nikamwambia hapo alipokwama ndipo pa kusoma usiku ule, na pasiwe pengine. Tukajaribu mada nyingine nne. Mbili alizijua barabara, na yeye mwenyewe alishangaa. Aliondoka na mada tatu kwenye kipande cha karatasi, badala ya silabasi nzima kifuani.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ushauri tunaopewa kuhusu msongo wa mitihani huishia kwenye muziki, matembezi na kuvuta pumzi. Vina faida, nitavifikia. Ila sehemu kubwa ya hofu ninayokutana nayo ni ya mtu asiyejua anajua nini, na hofu ya namna hiyo haitibiwi na mapumziko. Utatembea, utarudi, utaikuta imekaa palepale mezani inakusubiri.

Kusoma tena na tena ndiko kunakoidanganya akili. Ukipitia ukurasa mara ya tatu maneno yanakuwa na sura uliyoizoea, nawe unadhani umeyaelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma, jingine likatakiwa kuandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, mambo yalipinduka: waliojipima walikumbuka zaidi. Kwa hiyo jipime mapema, wakati kukosea hakukugharimu alama. Chukua karatasi ya mtihani wa miaka iliyopita, weka simu chumba kingine, tazama saa, ujibu ukiwa umekaa kwenye kiti na si kitandani. Matokeo yatauma kidogo, hilo silifichi. Lakini utakuwa na orodha ya mapengo, na pengo lenye jina linazibika.

Sasa tuje kwenye mwili. Unapoogopa, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini, kisha ya kotisoli. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, mdomo unakauka. Mwili unajiandaa kupambana au kukimbia, hata kama kilicho mbele yake ni karatasi tu. Kiasi cha wastani cha msisimko huo kinasaidia. Robert Yerkes na John Dodson waliliona jambo hilo kwa panya mwaka 1908: kazi ilipokuwa ngumu, panya walijifunza haraka zaidi kwa mshtuko wa umeme wa wastani kuliko kwa mshtuko mkali. (Panya, bila shaka, hawakuwa na wazazi wanaosubiri matokeo.) Kotisoli ikizidi, ubongo unapata tabu kuchota kumbukumbu zilizokwisha hifadhiwa. Ndiyo maana mtu hukosa jibu ndani ya chumba, halafu likamjia akiwa mlangoni anatoka. Alikuwa analijua.

Pumzi ni mojawapo ya mahali pachache ambapo unaweza kuushika mwili huo kwa mkono. Unapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kidogo, na unapoivuta huongezeka, hivyo ukirefusha kutoa unauambia moyo utulie. Kaa, weka kiganja juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, mkono unyanyuliwe na tumbo, kifua kisipande sana. Toa taratibu ukihesabu hadi 6, kama anayepuliza chai ya moto asitake kuimwaga. Fanya hivyo dakika 3 hadi 5. Ukisikia kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno, punguza. Kosa la wengi ni kulijaribu zoezi hili kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani na kulalamika kwamba halifanyi kazi. Lifanye kila jioni kwa wiki nzima kabla, mwili ulizoee.

Kuhusu kukesha, msimamo wangu ni mkali na wanafunzi wananijua kwa hilo. Ubongo hupanga na kuimarisha yaliyosomwa mchana wakati umelala. Anayekesha anaongeza kurasa kwa mkono mmoja na kuzimwaga kwa mwingine. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, watu wazima angalau 7. Na kahawa ya jioni isihesabiwe kuwa rafiki: kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua hadi nusu mwilini, hivyo kikombe cha saa 11 jioni bado kina nusu yake kwenye damu saa 4 usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu vivyo hivyo, tena moyo unaokwenda mbio kwa kafeini huhisi sawasawa na moyo unaokwenda mbio kwa hofu. Mtu anajitisha mwenyewe kwa chupa.

Mwendo wa miguu wa dakika 20 au 30 kwa siku unatosha. Sina mengi ya kuongeza hapo, isipokuwa simu ibaki nyumbani, maana kundi la darasa lenye ujumbe wa "nasikia mada ya tano itatoka" limeharibu matembezi mengi.

Kwa wale ambao mawazo hayakomi, jaribuni kalamu. Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2011 utafiti ambapo wanafunzi waliandika hofu zao kwa dakika 10 muda mfupi kabla ya mtihani. Waliofaidika zaidi ni wale wenye hofu kubwa. Andika kama inavyokuja: naogopa kufeli, naogopa baba atasema nini. Hakuna atakayesahihisha. Ukimaliza chana karatasi ukitaka.

Wazazi nao nawaomba neno moja. Swali la "umesoma?" likiulizwa mara sita kwa siku halimsomeshi mtoto. Muulizeni amekula, amelala saa ngapi, au kaeni naye awaeleze mada moja hata kama hamuielewi.

Kuna hali ambazo hazihusiani tena na mbinu za kusoma. Mtu akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili mfululizo, akijitenga na watu, akipatwa na vipindi vya kushindwa kupumua kwa hofu, au akisema heri nisingekuwepo, asisubiri mitihani iishe. Aende kwa mshauri, mwalimu anayemwamini au kituo cha afya siku hiyohiyo, na aliyesikia kauli hiyo ya mwisho asimwache peke yake.

Na siku yenyewe ikifika, soma karatasi yote kabla ya kuandika, anza na swali unaloliweza, ukikwama ruka uende mbele. Jibu lililojificha mara nyingi hujitokeza ukiwa unaandika jingine. Ukitoka, usisimame na lile kundi la uani linalolinganisha majibu ya namba saba. Majibu yako yamekwisha kukusanywa, na kesho kuna karatasi ya pili. Pita, nenda ukale.