Gegedu ya pua haiyeyuki

"Daktari, ukinichoma huko ndani gegedu itayeyuka, pua ilale." Tunazibua pua kwa joto la mawimbi ya redio, na hofu hii ya gegedu, yaani ule mfupa laini unaoipa pua umbo, nimeisikia mpaka siku hizi naijibu kabla mgonjwa hajamaliza kukaa. Ametishwa na jirani, au na video aliyotumiwa kwenye simu.

Pua si mshikaki. Kifaa cha mawimbi ya redio hakiingii puani kikiwa cha moto. Ncha yake hupitisha umeme, na tishu ndiyo inayopata joto yenyewe kwa kuukinza umeme huo. Tunapotibu vali ya pua, ile sehemu ya njia ya hewa iliyo nyembamba kuliko zote, joto hudhibitiwa karibu na nyuzi 60 za Selsiasi. Kila doa hupashwa kwa sekunde zisizofika 20, kisha huachwa lipoe.

Na gegedu ina nini cha kuyeyuka? Ni maji mengi, nyuzi za kolajeni na seli chache. Kwa joto hilo nyuzi hulegea, mkazo wake hupungua, na gegedu iliyosukumwa nje na ncha hupata nafasi ya kubaki hivyo. Utando ulio juu yake nao husinyaa taratibu unapopona. Kwa hiyo usinipigie simu kesho yake kulalamika kuwa pua imeziba zaidi: imevimba tu, subiri wiki kadhaa.

Hofu hiyo ina chembe ya kweli, sikatai. Joto likizidi, seli za gegedu hufa, na zikifa hazirudi kirahisi. Gegedu haina mishipa ya damu. Hulishwa na utando unaoifunika. Unguza utando huo pande zote mbili za ukuta wa kati, ule unaotenganisha matundu mawili ya pua, sehemu zinazotazamana, na umejitafutia ukuta wenyewe kutoboka. Ndiyo maana usemi wa "ongeza joto kidogo, ifunguke vizuri" unanikera kuliko woga wa mgonjwa yeyote.

Je, ni mionzi inayoleta saratani? Hapana. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja vinasaba.

Je, kifaa hiki hunyoosha ukuta wa kati uliopinda? Pia hapana, huo ni upasuaji.

Wengine hudhani vinyama vya pembeni vinavyovimba ni gegedu. Ndani yake kuna mfupa, na juu utando uliojaa damu. Tunaousinyaza ni huo utando.

Kabla hujaulizia bei, simama mbele ya kioo, vuta shavu pembeni kidogo, vuta pumzi. Pua ikifunguka, huenda vali inahusika. Ni dalili tu, daktari bado lazima aangalie ndani. Na kama unapuliza dawa ya kuzibua pua kila usiku tangu mwezi uliopita, anza kwa kuiacha hiyo: ikipita wiki moja, yenyewe huanza kuziba pua.

Ukishatibiwa, safisha kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Magamba ndani ya pua yatatoka yenyewe, kidole kikae nje.