Bundi Darini, Chozi Kwenye Mshubiri: Tunayoambiwa Kuhusu Ndege wa Nairobi na Ukweli Wake

Usiku wa kwanza nilidhani kuna mtu anakoroma darini. Pumzi ndefu, kavu, inakatika, halafu inaanza tena. Jirani aliyesikia kutoka upande wake wa ukuta alinisubiri langoni asubuhi. "Baba Wambui, huyo ni bundi. Ita fundi azibe hilo tundu kabla msiba haujaingia." Sikumwita fundi. Nilipanda ngazi na tochi, na chini ya vigae vya nyumba yetu ya Buruburu nikakuta makinda watatu weupe kama pamba, nyuso zao zina umbo la moyo, wakidai chakula. Makinda wa bundi wa aina hii huomba chakula kwa sauti hiyo ya mkoromo, usiku kucha.

"Bundi akilia, mtu atakufa"

Nimelelewa na imani hii, na najua wanaoishika si watu wajinga. Lakini bundi hulia kumwita mwenzake au kuwaonya bundi wengine kwamba eneo lina mwenyewe. Akihamia karibu na watu, amefuata panya, na panya wamefuata taka zetu. Chini ya lile tundu niliokota vifundo vya kijivu, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa vikiwa vimeviringana. Nililowesha kifundo kimoja kwenye bakuli nikakifumua polepole: mafuvu mawili ya panya, meno ya mbele bado yana rangi ya chungwa, na mbavu nyembamba kama sindano. Hao walikuwa panya wawili katika kifundo kimoja, na vifundo vilijaa kikapu.

"Sumu ya panya huua panya tu"

Kama utasoma sehemu moja tu ya makala haya, soma hii. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya akishaila hafi papo hapo. Hukaa siku kadhaa, akizubaa, akitoka mafichoni hata mchana, na hapo ndipo anapokuwa windo rahisi kuliko wote. Bundi humla pamoja na sumu iliyo mwilini mwake, na paka pia. Mwaka uliofuata nilimwokota bundi mzima kando ya mtaro, damu imekauka mdomoni. Sikujua sumu ilitoka nyumba gani, maana karibu kila nyumba ilikuwa imeweka, na miaka ya nyuma hata mimi niliweka. Siku hizi natumia mtego wa kubana, pipa la taka lina kifuniko kizito, na tundu la bomba chini ya sinki nimeliziba kwa saruji. Panya hawajaisha kabisa, lakini hakuna bundi wala paka anayekula sumu yangu.

"Ukimgusa kinda, mama yake atamkataa"

Hapana. Ndege hamtupi mwanawe kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Ukimkuta kinda asiye na manyoya chini ya mti, na kiota unakiona, mrudishe. Kama ana manyoya na anarukaruka, huenda hajapotea kamwe: ametoka kiotani kujifunza kuruka, na wazazi wako juu wanamlisha. Mfungie paka, uondoke. Kinachoua makinda wengi mikononi mwa watu wema ni maziwa na maji. Ndege hawezi kumeng'enya maziwa, na maji ukiyamimina mdomoni huingia kwenye njia ya hewa.

"Ndege ni adui wa sukuma wiki"

Hapa kuna ukweli nusu, na sitaki kuuficha. Kuzumburu, wale wa mkia mrefu wanaotembea kwa makundi, hula majani kweli, na mapapai pia. Wakulima wadogo wanaolalamika wana haki. Dawa yao ni neti yenye matundu madogo iliyovutwa ikakaza, kwa sababu iliyolegea huwanasa miguu na mabawa. Lakini ndege wengine wengi katika bustani hiyohiyo wanakula viwavi wanaotoboa sukuma wiki hizo. Hata wale wanaojulikana kwa kula mbegu, kama kwera wanaosuka viota, hulisha makinda wao wadudu. Ukipulizia dawa kila wiki unawanyima makinda hao chakula, halafu unashangaa mbona viwavi wamerudi kwa wingi na ndege hawapo.

"Chozi anahitaji maji ya sukari"

Watu wengi Nairobi wakimwona chozi kwenye ua hudhani ni wale vindege wa bara la Amerika wanaoelea hewani wakinyonya. Afrika haina ndege hao porini. Chozi wetu hupenda kutua ndipo anyonye, na ndiyo maana shina gumu la ua la mshubiri humfaa sana. Kwangu huja wawili: dume mwenye mkia mrefu anayeng'aa rangi ya shaba, na mwingine mdogo mwenye tumbo la manjano. Huingiza mdomo uliopinda kwenye ua, hutoka na chavua usoni, kisha huhamia ua la pili. Maji ya sukari huchacha haraka juani. Panda mshubiri mmoja, na kama una nafasi ya mti, panda muhuti. Ukichanua maua yake mekundu utasikia kelele kabla hujafungua dirisha.

"Bustani nzuri ni iliyofyekwa"

Nyasi fupi, sakafu ya saruji na maua ya kigeni yaliyopangwa mstari vinapendeza macho, lakini ndege hapati pa kujificha wala cha kula. Acha kona moja ijiotee. Uzio wa kayaba wenye miiba ni ngome nzuri kwa kiota, kwa hiyo chungulia ndani kabla ya kupogoa, hasa msimu wa mvua, kwani ndege wengi hapa hutaga mvua ikianza. Wale kwarara wanaokuamsha alfajiri kwa makelele hawaharibu nyasi zako. Wanachoma ardhi kwa mdomo wakitafuta mabuu na minyoo.

Mawili ya haraka

Mfuko unaoning'inia shingoni mwa korongo wakubwa wa karibu na uwanja wa Nyayo si wa kubebea chakula. Umejaa hewa, na huutumia kujionyesha kwa mwenzake. Weupe wa miguu yake ni kinyesi chake mwenyewe, ambacho humpoza kikikauka.

Na ndege wa porini si mali ya aliyemkamata. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kumnasa au kumfuga bila kibali, hata kama umemnunua barabarani kwa kumhurumia. Ukimnunua, muuzaji hurudi msituni kutafuta mwingine.

"Maji ya ndege yatazaa mbu"

Ukiwawekea ndege karai la maji bustanini, yatazaa ukiyasahau. Yai la mbu huchukua wiki au zaidi kuwa mbu anayeruka, na baridi ya Nairobi huchelewesha zaidi. Ukimwaga na kusugua karai kila siku mbili, hakuna mbu atakayefika huko, na ndege hawataambukizana magonjwa kwa urahisi. Kina kisizidi vidole viwili. Liweke mahali peupe kidogo, paka asipate pa kuvizia, lakini karibu na tawi la kukimbilia.

Kiangazi cha Januari ndipo utaona tofauti. Kurumbiza huja kwanza, kabla ya saa moja, anaoga kwa kujitupa kifudifudi mpaka maji yanaruka nje. Halafu hufuata shomoro kumi kwa pamoja, na tetere husubiri ukutani mpaka wamalize. Jirani yule wa langoni ameniuliza karai kama hilo linauzwa wapi. Nimempa sufuria pana iliyovunjika mpini, na jiwe moja bapa la kusimamia.